Kugeuza, Kupindua na Kupishanisha: Istilahi za Makosa ya Mtoto Anayeanza Kuandika

Utangulizi

Mwalimu wa darasa la kwanza anapokusanya madaftari ya wanafunzi wake, aghalabu hukuta maneno ambayo hakuyatamka. Tuseme alitamka neno "baba". Mtoto wa kwanza ameandika "dada", wa pili "papa", wa tatu "abab". Wa nne ameanzia ukingo wa kulia wa ukurasa, akaliandika neno zima kana kwamba analitazama kiooni. Watoto wote wanne wamesikia neno lile lile, na hakuna hata mmoja asiyejua baba ni nani. Lakini mwalimu huyo akiulizwa ofisini wanafunzi wake wamekosea nini, huenda akajibu kwa kifungu kimoja tu: "Wanaandika kinyume."

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba upungufu wake ni wa istilahi kabla ya kuwa wa ualimu. Tumeweka mfano wetu katika kata ya Msamala, Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mtoto anayeingia shuleni hakuja mikono mitupu. Nyumbani huenda amesikia Kingoni, Kimatengo, Kindendeule, Kiyao au Kibena. Mtaani amekua na Kiswahili. Na baadhi ya wenzake watakwenda madrasa alasiri, ambako mwandiko huanzia kulia na kuelekea kushoto. Mtoto wa namna hiyo anastahili kuelezwa kwa maneno yaliyopimwa.

Yafaa tuseme mapema jambo lililo hatarini. Taarifa ya mwalimu haiishii kwake. Hupita kwa mwalimu mkuu, ikafika kwa ofisa elimu, na pengine ikamfikia mganga au mtaalamu wa elimu maalumu. Neno "kinyume" likisafiri njia hiyo yote hubadilika maana kila lipokelewapo. Mmoja atalielewa kuwa ni uzembe, mwingine kuwa ni ukaidi, na mwingine kuwa ni ulemavu. Mtoto asiye na tatizo lolote aweza kuadhibiwa au kurudishwa darasa kwa jambo ambalo lingekwisha lenyewe. Na mtoto mwenye shida ya kweli aweza kuambiwa "atakua tu", miaka ikapita bila msaada. Makosa yote mawili huanza pale ambapo mambo manne yamepewa jina moja.

Makosa manne na majina yake

Tukirudi kwenye madaftari yale manne, tutaona kwamba kila mtoto amefanya tendo tofauti.

(a) Aliyeandika "dada" amechukua herufi "b" na kuielekeza upande wa pili. Fimbo ya herufi imebaki wima na tumbo limebaki chini, ila sasa tumbo linatazama kushoto badala ya kulia. Tendo hili tunapendekeza liitwe kugeuza, na jina lake mgeuko wa herufi. Mtu akiambiwa "geuka" hasimami kwa kichwa. Hubadili upande anaoutazama. Ndivyo ilivyofanya herufi hii.

(b) Aliyeandika "papa" hakubadili upande. Amepeleka juu kilichokuwa chini, na tumbo la herufi likapanda. Tendo hili ni kupindua. Ndilo linalofanya "mama" isomeke "wawa", "n" ikawa "u", na 6 ikawa 9. Mtaalamu anayehitaji kupambanua zaidi atasema kwamba 6 inayokuwa 9 haikupinduliwa tu bali imezungushwa nusu duara, kwa kuwa juu na chini, kulia na kushoto, vyote vimebadilishana. Kwa mwalimu wa kawaida kitenzi "kupindua" chatosha kwa yote mawili.

(c) Aliyeandika "abab" ameziunda herufi zake barabara. Kosa lake ni la mfuatano: herufi zimepita moja mbele ya nyingine, kama watu wawili wanaopishana njiani. Tunapendekeza kitenzi kupishanisha, na jina upishanisho. Anayeandika 21 badala ya 12 amepishanisha tarakimu, ingawa hakugeuza wala kupindua hata moja.

(d) Aliyeanzia kulia amegeuza kila kitu kwa pamoja: mwelekeo wa mstari, mfuatano wa herufi na umbo la kila herufi. Neno lake likiwekwa mbele ya kioo husomeka sawasawa. Huu ni mwandiko wa kioo. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto, alijaza madaftari yake kwa mwandiko wa namna hii.

Vitenzi hivyo vitatu vinatoka katika Kiswahili cha kila siku, na hilo ndilo fungu la kwanza la kutazamwa na mwundaji wa istilahi kabla ya kwenda kukopa. Hata hivyo yataka hadhari kidogo katika kuunda majina. Kutokana na "geuza" Kiswahili kina "mageuzi", na kutokana na "pindua" kina "mapinduzi". Majina yote mawili yamekwisha kushikwa na siasa. Mwalimu akiandika kwamba darasani mwake kuna "mapinduzi ya herufi", ofisa atakayeisoma taarifa hiyo atacheka kwanza ndipo aelewe. Ndiyo maana tumependekeza "mgeuko" na "mpinduo", majina mafupi yaliyo huru na mzigo huo.

Kwa nini neno "kinyume" halifai

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusiliache neno "kinyume", ambalo limezoeleka? Sababu ni kwamba neno hilo lina kazi nyingi mno.

Katika somo lenyewe la Kiswahili, mwanafunzi hufundishwa kwamba kinyume cha "refu" ni "fupi". Hivyo mtoto anayeambiwa "umeandika kinyume" aweza kudhani kwamba ameandika neno lenye maana iliyopingana na lile lililotakiwa. Pili, kinyume ni jina la mchezo wa lugha wa pwani, ambamo silabi ya mwisho hupelekwa mwanzo ili wasiohusika wasielewe. Kwa kanuni hiyo "kikapu" huwa "pukika". Mchezo huo ni wa zamani. Edward Steere aliutolea mifano katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Anayecheza kinyume anapishanisha silabi kwa makusudi na kwa ustadi. Ni dhahiri kwamba hatuwezi kutumia jina la ustadi wa mkubwa kutajia kosa la mdogo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, "kinyume" hubeba harufu ya kukaidi. Twasema mtu amefanya "kinyume cha sheria" au "kinyume cha maagizo". Istilahi ya elimu haipaswi kumhukumu mtoto kabla hajachunguzwa.

Chanzo cha makosa

Watu wengi hudhani kwamba mtoto anayegeuza herufi ana kasoro ya macho. Utaalamu wa sasa wasema sivyo. Tatizo, ikiwa ni tatizo, latokana na uwezo mwema ambao binadamu amezaliwa nao.

Mchukue mtoto wa Msamala kabla hajaingia darasani. Akimwona mbuzi anayetazama kulia humwita mbuzi. Mbuzi huyo akigeuka kutazama kushoto, mtoto humwita mbuzi vile vile. Jembe lililoegemezwa ukutani ni jembe, mpini wake uwe upande huu au ule. Kikombe ni kikombe, mkono wake uwapo popote. Kwa miaka sita au saba mtoto amejifunza, na amejifunza vema, kwamba upande haubadili jina la kitu. Asiyejua hivyo asingeweza kuitambua nyumba yao akitokea njia nyingine.

Kisha siku moja anaingia darasani na kuambiwa kwamba fimbo yenye tumbo kulia ni "b", na fimbo ile ile yenye tumbo kushoto ni kitu kingine kabisa, "d". Pengine ni mara yake ya kwanza maishani kukutana na vitu ambavyo jina lake hubadilika kwa sababu ya upande tu. Mtaalamu wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ambaye amechunguza kwa kirefu jinsi ubongo unavyosoma, aeleza kwamba sehemu ya ubongo inayotambua maandishi ni ile ile iliyokuwa ikitambua maumbo ya vitu, na kwamba msomaji mpya hana budi kuusahaulisha ubongo huo mazoea ya kuona pande mbili kuwa ni kitu kimoja. Kwa maneno mengine, kabla ya kujifunza "b" na "d" mtoto lazima aache jambo alilokuwa akilijua.

Ushahidi mwingine watoka kwa watu wazima. Uchunguzi wa Régine Kolinsky na wenzake uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma huona taabu kupambanua umbo na mgeuko wake, na kwamba waliojifunza kusoma ukubwani huimudu kazi hiyo. Kwa hiyo jambo hili halitokani na utoto peke yake; latokana na kutokuwa na kisomo. Kwa Tanzania habari hii ina uzito wa pekee. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata maelfu kwa maelfu ya wananchi walishika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa na wajukuu. Mzee wa darasa la kisomo aliyegeuza herufi hakuwa mjinga wala mgonjwa. Ubongo wake ulikuwa ukipita njia ile ile anayopita mjukuu wake leo.

Tena tusisahau kwamba mwelekeo wa mwandiko ni mapatano ya watu. Wagiriki wa kale walipata kuandika mstari mmoja kuelekea upande mmoja na mstari unaofuata kuelekea upande wa pili, huku wakigeuza na herufi zenyewe. Namna hiyo ya kuandika ilipewa jina kutokana na ng'ombe wa kulima, ambaye akifika mwisho wa shamba hugeuka na kurudi. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa muda mrefu kabla ya hati za Kilatini kuenea. Mtoto anayekwenda shule asubuhi na madrasa alasiri anafuata mapatano mawili kwa siku moja. Akichanganya mwanzoni, yafaa mwalimu akumbuke kwamba anajifunza mara mbili ya mwenzake.

Herufi zinazotazama kushoto

Makosa ya kugeuza hayaangukii herufi zote kwa usawa. Herufi kama "o", "i" na "v", pamoja na tarakimu 0 na 8, hazina kulia wala kushoto. Hata zikigeuzwa hubaki zilivyo. Zilizobaki ni za namna mbili. Ziko zinazotazama kulia, yaani upande ambao mwandiko wetu unaelekea, mfano B, C, E na K. Na ziko zinazotazama kushoto, mfano J na Z, na tarakimu 2, 3, 7 na 9.

Mtaalamu mwingine wa Ufaransa, Jean-Paul Fischer, amechunguza watoto wanaoandika herufi na tarakimu kwa kukumbuka, bila kunakili, na amekuta kwamba zinazogeuzwa zaidi ni zile zinazotazama kushoto. Ni kana kwamba mtoto amejitungia kanuni yake kimya kimya: ikiwa mstari unakwenda kulia, basi kila kilichomo katika mstari na kitazame kulia. Kanuni hiyo haikufundishwa na mtu, na kwa herufi nyingi inasema kweli. Humwangusha kwa zile chache zinazoivunja.

Mwalimu wa Kiswahili anakutana na jambo hili kila wiki bila kulitaja. Katika siku tano za masomo, tatu huanza kwa J: Jumatatu, Jumanne na Jumatano, nayo Ijumaa inaificha herufi hiyo hiyo katika nafasi ya pili. Mtoto anayeandika siku na tarehe juu ya ukurasa kila asubuhi anakabiliwa na J iliyo ngumu, kisha pengine 2, 3, 7 au 9, kabla hajafika kwenye somo lenyewe. Mwalimu akiona makosa mengi katika mstari wa kwanza kuliko yaliyo chini yake, asidhani kwamba mtoto alikuwa bado na usingizi. Azitazame herufi zilizomo.

Tarakimu na majina yake

Katika tarakimu lugha yetu ina baraka moja ambayo haina budi kutajwa. Twasema "kumi na mbili", tukianza na kumi. Nasi twaandika 12, tukianza na moja inayosimamia kumi. Ulimi na mkono vinafuata njia moja. Wajerumani husema "moja na ishirini", lakini huandika 21; mtoto wao anayeandika anavyosikia atapishanisha. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na mtego huo, kwa kuwa majina yaliyotoka Kiarabu, kama vile thenashara kwa 12 na hamstashara kwa 15, hutanguliza mamoja kabla ya kumi. Kwa sasa majina hayo yamepungua sana katika matumizi, na mtoto aliyezoea "kumi na tano" hana sababu ya kilugha ya kuandika 51.

Kosa ambalo lugha yetu yaweza kumvutia mtoto kulifanya ni lingine. Mtoto anayesikia "kumi na mbili" aweza kuandika 102, yaani 10, kisha 2. Hapo hakugeuza, hakupindua wala hakupishanisha. Ameandika kila neno alilolisikia, na kilichobaki ni kufundishwa thamani ya nafasi. Kuliweka kosa hilo katika fungu moja na 3 iliyogeuzwa ni kumfundisha mtoto somo asilolihitaji.

Liko pia jambo linaloweza kumponza mwalimu asiyejua hati za Kiarabu. Tarakimu ya nne katika madrasa huandikwa ٤, na umbo lake lakaribiana na 3 iliyogeuzwa. Mtoto aliyeiandika katika hesabu zake huenda hakugeuza tatu hata kidogo. Ameandika nne kwa hati nyingine, na jumla yake aweza kuwa ameipata sawasawa. Kabla ya kutia alama ya kosa, mwalimu amwulize mtoto: "Hii ni ngapi?"

"Upofu wa maneno" na disleksia

Historia ya jambo hili yaonyesha jinsi istilahi mbaya iwezavyo kupotosha utaalamu wenyewe. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri ambaye hakuweza kujifunza kusoma. Jina lake lilikuwa Percy, naye aliliandika "Precy". Nasi leo twaweza kusema kwamba alipishanisha. Hali hiyo iliitwa upofu wa maneno wa kuzaliwa nao, ingawa kijana hakuwa na upofu wowote. Kabla ya hapo, mwaka 1887, daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, alikuwa ametumia jina disleksia, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ugumu katika maneno, akikusudia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kwa sababu ya maradhi ya ubongo.

Mwaka 1925 daktari wa Marekani, Samuel Orton, alitoa nadharia kwamba pande mbili za ubongo hushindania picha ya neno, na kwamba kugeuza ndiko kiini cha shida yote. Alitunga jina strefosimbolia, yaani alama zilizopotolewa. Nadharia hiyo ilienea hata watu wengi mpaka leo wanaamini kwamba kugeuza herufi na disleksia ni jambo moja.

Uchunguzi wa baadaye, hasa tangu miaka ya 1970, umeonyesha vingine. Kwa wengi wenye disleksia kiini cha shida ni sauti za lugha: kusikia kwamba neno limejengwa kwa sauti, kuzitenga sauti hizo, na kuzifunga na herufi zake. Wao hugeuza herufi, kwa kuwa wanachelewa kukomaa katika kusoma. Lakini watoto wasio na disleksia nao hugeuza katika hatua za mwanzo. Kugeuza peke yake hakutoshi kuwa dalili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba neno "disleksia" libaki kama lilivyokopwa, na litumiwe tu kwa hali iliyothibitishwa na mtaalamu. Mfasiri aliyeweka "upofu wa maneno" ataturudisha mwaka 1896. Aliyeweka "ugonjwa wa kugeuza herufi" atakuwa amekosea mara mbili: kwanza kwa kuiita hali hiyo ugonjwa, pili kwa kuitaja kwa dalili isiyo yake. Pale ambapo bado hapajathibitishwa kitu, mwalimu aandike "ugumu wa kujifunza kusoma". Maneno hayo yanaeleza kinachoonekana bila kudai zaidi.

Matumizi darasani na ofisini

Istilahi ina faida ikimwongoza mtu katika kazi. Kwa hiyo twataja kwa ufupi mambo ambayo majina haya yanamrahisishia mwalimu.

Kwanza, anayegeuza "b" na "d" hafundishwi kwa kuwekewa herufi hizo mbili pamoja katika wiki moja. Aishike kwanza moja hadi mkono uizoee, ndipo ya pili ije. Njia ya mkono ina nguvu kuliko maelezo: katika "b" fimbo hutangulia kisha tumbo, katika "d" tumbo hutangulia kisha fimbo. Mtoto aweza kuyasema maneno hayo huku akichora kwa kidole katika udongo wa uwanjani, bila kusubiri karatasi.

Pili, mwalimu anayechora herufi hewani huku amewaelekea wanafunzi ajue kwamba kulia kwake ni kushoto kwao. Kwa nia njema kabisa anawaonyesha herufi iliyogeuzwa. Awape mgongo, ndipo achore.

Tatu, aliyeandika mwandiko wa kioo aangaliwe mahali alipoanzia. Watoto wadogo wakianzia ukingo wa kulia ambako hakuna nafasi ya kusonga mbele, baadhi yao huelekea kushoto na kugeuza kila kitu. Alama ndogo upande wa kushoto wa mstari, kuonyesha pa kuanzia, huondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo.

Nne, mwenye shoto asilazimishwe kubadili mkono kwa kudhaniwa kwamba huo ndio chanzo cha mgeuko. Lugha yetu imeuheshimu mkono wa kulia kwa kuupa jina la kula, na kuuita wa kuume. Ule mwingine ukaitwa wa kike. Hayo ni majina ya desturi. Kalamu haiyajui, na watoto wanaotumia mkono wa kulia nao hugeuza herufi.

Tano, muda uhesabiwe tangu mtoto aanze kufundishwa, wala si umri wake peke yake. Mtoto wa miaka minane aliyeanza shule mwaka huu yuko katika hatua ya mwenzake wa miaka sita aliyeanza naye. Lakini aliyefundishwa kwa miaka miwili au zaidi, naye bado anageuza kwa wingi, hasa ikiwa pia hawezi kutenga silabi za "embe" au kusema "moto" huanza kwa sauti gani, apimwe macho na masikio, kisha apelekwe kwa mwenye utaalamu.

Ofisini, taarifa na iandikwe hivi: "Anageuza b na d, J na 3. Hapindui. Hapishanishi. Amefundishwa kwa miezi minane. Anatenga silabi vizuri." Taarifa hiyo ni fupi kuliko maelezo marefu ya lawama, na ofisa asiyemjua mtoto aweza kuitolea uamuzi. Ilinganishwe na "anaandika kinyume", ambayo haimwambii msomaji chochote isipokuwa kwamba mwalimu hakuridhika.

Mapendekezo ya istilahi

Tunayaweka mapendekezo yetu pamoja ili yapimwe na wasomaji:

Mgeuko (wa herufi au tarakimu): umbo kuelekezwa upande wa pili, kulia kwa kushoto. Kitenzi: geuza. Mfano: b kuwa d.

Mpinduo: umbo kuwekwa juu chini. Kitenzi: pindua. Mfano: b kuwa p, m kuwa w.

Upishanisho: herufi, silabi au tarakimu zilizoundwa vizuri kubadilishana nafasi. Kitenzi: pishanisha. Mfano: 12 kuwa 21.

Mwandiko wa kioo: neno au mstari mzima kuandikwa kutoka kulia, herufi zote zikiwa zimegeuzwa.

Makosa ya mwelekeo na mfuatano: jina la jumla la hayo yote manne.

Ugumu wa kujifunza kusoma: hali inayoonekana darasani kabla ya uchunguzi.

Disleksia: hali iliyothibitishwa na mtaalamu.

Twakiri kwamba "mwandiko wa kioo" waweza kudhaniwa kuwa maandishi yaliyochorwa juu ya kioo. Tumeliacha kwa kuwa mazingira ya darasani huondoa utata huo, na kwa kuwa halijapatikana lililo fupi zaidi. Huenda lugha zetu nyingine zinalo. Walimu wa Songea, Mbinga, Namtumbo na Tunduru, ambao husikia watoto wakielezana makosa yao kwa lugha za nyumbani, wako mahali pazuri pa kulitafuta, nasi tutafurahi likiletwa.

Hata hivyo hatuoni sababu ya kungoja istilahi zote zikamilike. Darasa la kwanza huanza kila mwaka, na kila mwaka yuko mtoto ambaye baba yake, katika daftari, amekuwa dada. Akimwita mtoto huyo mezani, mwalimu na amwambie: "Umegeuza b. Tazama, fimbo kwanza, kisha tumbo." Kosa likisha kutajwa kwa jina lake, mtoto atajua la kusahihisha.